Mwalimu, tatizo sio vidole vifupi

Mwalimu mmoja wa chekechea ameniandikia, nimefupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Nataka kujifunza viinimacho vya sarafu, vile vya kuipoteza alafu unaitoa sikioni kwa mtu, niwachangamshe watoto darasani na hata kwenye shughuli za familia. Nimeangalia video mpaka bando limekata, lakini nikijaribu mbele ya mdogo wangu wa kidato cha pili ananikamata kila mara. Vidole vyangu vifupi, labda ndo sababu? Alafu mama mkwe ananiambia niachane nayo, hayo ni mambo ya chuma ulete. Nianzie wapi?"

Salama kabisa mwalimu. Mimi nimefanya mazingaombwe kwenye birthday, kipaimara na mahafali za shule miaka mingi sasa, na hilo swali la vidole naulizwa kuliko maswali yote, kwa hiyo ngoja tulimalize kwanza. Hizo video nyingi ulizoangalia zimetengenezwa Marekani, na wale jamaa wanapenda kutumia nusu dola, sarafu yenye upana wa milimita 30 na kitu. Mia tano yetu hii yenye nyati ina kama milimita 27. Yani wewe mwenye vidole vifupi umepewa sarafu ndogo kuliko wao, mko sawa tu. Ukiona mia tano bado inakusumbua tumia mia mbili ya simba, hiyo inakaa vizuri hata kwenye kiganja cha mtoto wa darasa la tano. Hamsini achana nayo, ni ndogo sana, watu wa nyuma hawaioni na wewe mwenyewe inakuponyoka.

Sasa mdogo wako anakukamataje? Nakuhakikishia hajaona sarafu. Ameona macho yako. Ulipojifanya umeihamisha kwenda mkono wa kushoto, wewe moyoni unajua iko kulia, basi macho yakachungulia kulia hata kwa nusu sekunde, bega likakaza, ngumi ya kulia ikafungwa kama umeshika nzi. Mtoto wa kidato cha pili hiyo inamtosha kabisa, tena wale ndo wabaya kuliko watu wazima maana hawana aibu ya kukuambia "fungua huo mwingine".

Kwa hiyo zoezi la kwanza sio la kudanganya. Weka simu mahali ijirekodi, shika sarafu mkono wa kulia alafu iweke KWELI mkono wa kushoto. Kweli kabisa, bila ujanja wowote. Rudia mara kumi, alafu kaa uangalie video yako. Utaona mambo ambayo hukuwahi kuyajua kuhusu mikono yako mwenyewe: macho yanaondoka na sarafu, yanaenda kushoto nayo, mkono wa kushoto unafunga polepole na unapanda juu kidogo, na ule wa kulia ukishatoa unajifia tu pembeni, umelegea, vidole vimejikunja nusu kama mtu amelala. Hicho ndo unatakiwa kukiigiza. Watu wanakimbilia kujifunza uongo wakati hata ukweli wenyewe hawajui unafananaje.

Ukishaujua huo mwendo ndo unafanya wa uongo. Na hapa nina ugomvi na video karibu zote, maana zinaanza kukufundisha ule wa kushika sarafu kwa ncha za vidole mkono mmoja, mkono wa pili unakuja kama unaichukua kumbe unaiachia inadondokea kiganjani kulekule ilikotoka. Sio mbaya, lakini kila mtu aliyewahi kuwa na mjomba mcheshi anaujua, na mdogo wako naye ameangalia video zilezile. Anza na huu mwingine: laza sarafu kwenye mkono wa kulia, sio katikati ya kiganja, iweke pale vidole vinapoanzia, kwenye shina la kidole cha kati na kidole cha pete. Vikunje kidogo sana hivyo vidole viwili. Umeona? Sarafu imebanwa na ngozi ya mkunjo, hata ukigeuza mkono chini haidondoki. Kaa nayo hapo. Nenda nayo jikoni, shika mwiko nayo, fungua mlango nayo, piga stori na majirani ikiwa hapohapo. Robert-Houdin, yule Mfaransa wa karne ya 19 aliyeheshimika kuliko wote kwenye hii kazi, alikuwa anafanyia mazoezi mikono yake mfukoni huku anatembea barabarani, basi na wewe usione aibu. Siku utakayosahau kwamba kuna sarafu mkononi ndo siku umeiva.

Alafu mwendo wenyewe. Sarafu iko pale kwenye shina la vidole, kiganja kinaangalia juu, kila mtu anaiona. Mkono wa kushoto uko mbele, wazi. Unageuza wa kulia juu ya wa kushoto kama mtu anayemwaga karanga kwenye kiganja cha mwenzie, na wakati unageuza vile vidole viwili vinakunjika kile kidogo tulichosema, sarafu inabaki. Mkono wa kushoto unafunga kana kwamba umepokea, unaondoka, na macho yako yanaondoka nao. Wa kulia unajifia pembeni. Basi. Usiongeze mbwembwe. Ukiwa na wasiwasi utataka kuharakisha, na ukiharakisha umekwisha, fanya kwa spidi ileile uliyoiona kwenye video yako ya ukweli.

Usifungue mkono wa kushoto palepale. Hapa ndo wengi wanapoharibu. Ukifungua haraka kichwa cha mtu kinarudi nyuma hatua moja tu, "kama haipo kushoto basi iko kulia", hata mtoto wa miaka sita anapiga hiyo hesabu. Mpe muda asahau kulia kulikuwa na nini. Na wewe mwalimu una kitu ambacho mimi sina, una chaki. Ngumi ya kushoto iko juu, unawaambia watoto "ngojeni nichukue chaki ya kuiloga" (hapana, usiseme kuiloga, nitakueleza kwa nini, sema ya kuifuta), mkono wa kulia unaingia mfukoni kwa sababu halali kabisa, unaacha sarafu humo, unatoka na chaki. Unachora duara hewani juu ya ngumi, unamwita mtoto mmoja apulize, unafungua kidole kimoja kimoja kuanzia kidole cha mwisho. Haipo. Na kulia nako haipo, kuna chaki tu. Sisi mtaani hiyo tunaita kuzuga, na kuzuga vizuri ni kuupa mkono shughuli ya kweli. Mkono usio na shughuli ndo unaangaliwa.

Wa kuitoa sikioni ni huohuo ukiurudisha kinyumenyume. Sarafu ya pili inayofanana na ya kwanza unayo tayari pale kwenye mkunjo, uliichukua wakati watoto wanapiga makofi. Unanyoosha mkono pembeni ya kichwa, kidole gumba kinaisukuma sarafu mpaka kwenye ncha za vidole ikiwa nyuma ya sikio ambako hakuna anayeona, alafu unaivuta mbele. Igusishe kidogo kwenye sikio, ule ubaridi wa chuma ndo unamfanya mtoto apige kelele. Kuna Mmarekani mmoja, T. Nelson Downs, alikuwa karani wa telegrafu reli huko Iowa, kazi ikiwa imepoa anachezea sarafu tu, mwishowe mwisho wa karne ya 19 akaja kuwa maarufu mpaka London kwa kuokota sarafu hewani moja moja na kuzitupa kwenye kofia, klin, klin, klin. Ukiacha mapambo, mbegu yake ndo hiyohiyo unayomfanyia mtoto sikioni.

Sasa ngoja nikupe mmoja wa shughuli za familia, maana ule wa mkono kwa mkono ukiufanya mezani mbele ya mashemeji kumi na wawili kuna mmoja atakushika tu. Huu unataka meza. Kaa, egemeza kiwiko cha kushoto mezani, mkono umekunjwa ngumi iko karibu na shingo. Shika sarafu kulia, waambie ukiisugua sana kwenye mkono inaingia kwenye ngozi. Sugua karibu na kiwiko. Ikudondoke. "Ah, samahani." Iokote kwa kulia, sugua tena. Ikudondoke tena. Watu wanaanza kucheka, wewe unacheka nao. Mara ya pili hii unaiokota kwa mkono wa KUSHOTO, unajifanya umeihamishia kulia, kulia kunarudi kusugua, kushoto kunarudi shingoni palepale kilipokuwa. Ila sarafu iko kushoto. Na wakati wote wanakodolea kiwiko, kushoto kinaidumbukiza taratibu ndani ya kola nyuma ya shingo. Sugua, sugua, punguza nguvu, fungua kulia, hakuna kitu. Fungua kushoto, hakuna kitu. Panua mikono yote miwili wakague mpaka mikono ya shati. Ule wa kudondosha mara mbili ndo uchawi wenyewe, umewafundisha kwamba sarafu ikidondoka ni uzembe wako tu na hakuna cha kuangalia.

Kwa wanawake huu mmefaidi, kilemba au mtandio unapokea sarafu vizuri kuliko kola yangu. Mimi siku moja kwenye kipaimara nilivaa shati nimelitoa nje, hela ikateleza mgongoni yote mpaka chini, ikatua kwenye marumaru kwa sauti ambayo padri aliisikia, na katoto kamoja kakaiokota kakanipa kwa heshima zote, "anko imedondoka". Chomekea.

Na kama meza ina kitambaa kuna huu mwingine wanaoupenda sana wazee: sarafu mezani, glasi imefunikwa juu yake, glasi imezungushiwa gazeti ikabana likachukua umbo lake. Unasema unaipitisha sarafu kwenye meza. Unapiga, unainua glasi pamoja na gazeti lake, sarafu bado ipo. Unajikuna kichwa. Mara ya pili unapoinua kuwaonyesha sarafu, wote wanaangalia sarafu, mkono wako na glasi umerudi pembeni ya meza juu ya mapaja, unalegeza kidogo, glasi inadondokea pajani, gazeti linabaki na umbo la glasi. Unalirudisha juu ya sarafu. "Basi kama sarafu haitaki tupitishe glasi." Bonyeza gazeti kwa kiganja, pwaa. Hapa tena gauni au khanga ni mali, maana pajani panakuwa kama kapu, sisi wenye suruali glasi inapita katikati ya magoti inaenda kuvunjika. Ila fanyia mazoezi kwa kikombe cha plastiki kwanza, bei ya glasi unaijua.

Tuje kwa mama mkwe. Usimdharau, mwalimu. Yeye hajakosea kuogopa, amekosea tu kitu anachokiogopa. Kwetu neno chuma ulete sio utani, mtu akifunga genge jioni akakuta hesabu haitimii anamkumbuka aliyempa hela ya mwisho. Mimi yamenikuta. Miaka ya nyuma nilikuwa nanunua nyanya, mama kanirudishia chenji, nikamfanyia ile ya kupoteza na kuitoa kwenye fungu la mchicha, nikategemea acheke. Hakucheka. Jioni hela yake ikapungua, sijui kwa sababu gani, na wiki nzima nikawa mtu wa kuangaliwa pembeni mtaani. Mpaka leo sifanyi sokoni, sifanyi dukani, sifanyi kwenye daladala, na hela ya mtu nikiiazima naiwekea alama kwa kalamu mbele yake na inarudi kwake ileile kabla sijaondoka. Tena hapo stendi kuna wale wa karata tatu wenye mikono mizuri kuliko yangu mimi, mtu ameshaliwa hela yake pale anakuona na wewe unapoteza sarafu unadhani atakuelewaje.

Na hii sio ya kwetu peke yetu. Uingereza mwaka 1584 bwana mmoja, Reginald Scot, alichapisha kitabu kizima kupinga watu kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na humo ndani akaweka maelezo ya jinsi wacheza viinimacho wanavyoficha sarafu mkononi na kujifanya wameihamisha, ili watu waone ni mikono tu. Ule mkunjo wa vidole niliokufundisha hapo juu unatoka kwenye ukoo huohuo. Kwa hiyo fanya kama Scot: kaa na mama mkwe jikoni mkiwa wawili, mfundishe. Sio umwonyeshe, umfundishe, mpe mia tano aishike kwenye mkunjo yeye mwenyewe. Atakayejua siri ndo atakayekutetea ukoo ukianza kunong'ona. Na darasani usitumie maneno ya kuloga wala nguvu, sema "mikono yangu ina haraka kuliko macho yenu", ambayo ni uongo mwingine maana mikono yako haina haraka yoyote, lakini ni uongo usiomsumbua mtoto usiku.

Halafu watoto wa chekechea, hapa naomba unisikilize. Wanaiga. Ukiitoa sarafu mdomoni wataiweka mdomoni, ukiitoa puani kuna mmoja nyumbani ataisukuma puani, na sarafu ikimezwa inaweza kukwama kooni hapa kwenye njia ya chakula, huyo ni wa hospitali sio wa kupigwa mgongoni na kusubiri. Kwa hiyo mdomo na pua futa kabisa kwenye onyesho lako. Sikioni fanya kwa nje, nyuma ya kichwa zaidi kuliko sikio lenyewe. Sarafu isishikwe na mtoto hata akikuomba, isipokuwa kwenye ule mmoja nitakaokupa hapa chini, tena msaidizi wako akiwa anaangalia, na ulizoingia nazo ndo utoke nazo, uzihesabu kabla hujafungua mlango wa darasa.

Kuna mmoja mzuri kwao ambao hauna kuficha chochote. Weka sarafu kama nane za aina moja kwenye sahani, ziwe zimekaa kwenye sakafu ya baridi tangu asubuhi. Geuka ukutani. Mtoto mmoja achague moja, uwaambie waangalie mwaka ulioandikwa, wapokezane darasa zima, kila mtu aibane kwenye ngumi mpaka ahesabu tano, irudi sahanini. Geuka, pitisha vidole. Ile yenye joto ndo yenyewe. Wakati wanapokezana wewe umegeukia ukuta, kwa hiyo msaidizi wako awe karibu nao, sarafu iende na irudi mbele ya macho yake. Ukijaribu saa saba mchana wa Dar mwezi wa pili utaaibika, zote zitakuwa za moto, huu ni wa asubuhi.

Muda? Ukifanya robo saa kila siku, ule wa mkunjo utaanza kukaa ndani ya wiki mbili tatu. Usijifunze vitano kwa mpigo, jifunze huo mmoja mpaka uchoke nao, alafu ule wa kiwiko. Na usirudie kwa watu walewale siku hiyohiyo hata wakikubembeleza, mara ya kwanza wanaangalia wewe, mara ya pili wanaangalia mikono.

Isipokuwa kwa mdogo wako. Huyo nenda kamfanyie mara mbili makusudi. Mara ya kwanza fanya wa uongo, tena ufanye vibaya kidogo, chungulia kulia kama unavyofanyaga, akukamate, acheke. Mara ya pili fanya vilevile, uchungulie vilevile, ila sarafu iweke kushoto kweli. Atarukia mkono wa kulia kabla hujamaliza. Muulize una uhakika? Muulize tena. Akishaapa, fungua kulia kwanza.